Kauri Isiyolambwa

"Mlamba kauri kafa kwa uvivu wa ulimi!"

Sauti ya Inspekta Esnati Nzima ilitangulia uani, mwenyewe akafuata. Mwanamke mfupi, mnene, sare kaiacha nyumbani, kitenge kakifunga juu ya suruali, na kichwani kajivika sufuria bovu aliloliokota sijui wapi. Wanaume waliokuwa wameuzunguka moto wa msiba waligeuka wote.

"Miaka tisa analamba vyombo vya kiwanda kama mbwa wa jikoni," Esnati aliendelea kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Siku moja tu kasahau, tanuru likamlamba yeye! Jamani, nani aliwadanganya kwamba walanyani wanaweza kazi ya moto?"

Kisha mjomba wa marehemu, mzee wa mvi zilizojaa majivu, akaangua kicheko huku machozi yanamtiririka. "Walapanya wamefika! Ficheni mboga!"

Mngoni na Mbemba ni watani, na msiba wa mtani hauendi bila matusi. Askari akiingia msibani kuuliza maswali anaonekana mshenzi. Mtani akiingia anapewa kigoda. Esnati alilijua hilo tangu hajavaa sare, na siku hiyo alikuwa analitumia bila haya hata chembe, kwa sababu muda ulikuwa unamwishia.

Habari yenyewe ni fupi. Nsofwa Kabaso alikuwa mpima joto katika kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lukoshi. Jumanne asubuhi alichovya fimbo yake ya kupimia katika shaba iliyoyeyuka, shaba ikalipuka ikamfunika kuanzia kifuani kwenda juu. Mwenzake, Chomba, alipona, ila macho yote mawili yaliungua. Sasa ni Ijumaa saa nne asubuhi. Chomba amelala hospitali, kipofu, mkono umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na saa kumi alasiri Mrakibu Hachonda anakwenda kumsomea shtaka la mauaji. Ushahidi? Wiki moja kabla, wawili hao walitwangana ngumi wakigombea ukuu wa zamu, na asubuhi ya mlipuko Chomba alionekana ameshika mpira wa maji. Maji na shaba iliyoyeyuka havikai pamoja, kila mtu wa Lukoshi analijua hilo. Hachonda, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa kupenda mafaili membamba.

"Una mpaka saa kumi," alikuwa amemwambia Esnati. "Kipofu hakimbii, lakini ripoti yangu inakimbia."

Esnati alikalia kigoda cha mjomba bila kukaribishwa. "Nimekuja kuchukua urithi wangu. Vitu vya mtu wenu viko wapi? Au mmekwisha kuviuza mkanywea pombe?"

"Vitu gani, mwizi wewe? Kiwanda kimeleta kifurushi kimoja tu."

"Kilete hicho hicho. Mngoni hachagui."

Kililetwa, maana mtani hanyimwi. Mfuko wa nailoni: kofia ngumu iliyoyeyuka upande mmoja, buti moja, na glavu mbili nene za ngozi. Esnati alivaa glavu, akatia mguu kwenye buti, akaanza kucheza kuzunguka moto akichechemea. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Naye huku anacheza alikuwa anaangalia. Viganja vya glavu zote mbili vilikuwa na gamba jeupe la chokaa, gumu kama lipu ya ukuta. Alilipiga kwenye goti, halikudondoka.

"Buti gani hili la kimaskini? Halina hata kamba!"

"La tanuru hilo, mlapanya," alisema mjomba. "Shaba ikikuingia mguuni unalirusha kwa teke moja. Kamba utazifungua saa ngapi?"

"Na kwa nini hakulamba?"

Aliuliza bila kuacha kucheza, lakini mjomba aliacha kucheka. "Hapo ndipo panapotukata maini. Nsofwa hakuchovya kidole hata kimoja bila kukilamba." Kidole ndilo jina waliloipa watu wa tanuru ile ala ya kauri inayovishwa kwenye ncha ya fimbo. "Alikuwa akisema, kauri kavu inang'ang'ania ulimi kama kupe, iliyokunywa maji inateleza. Miaka tisa! Halafu siku moja asahau? Hapana. Huyo Chomba kampumbaza kwa dawa." Alipangusa pua kwa kiganja. "Na mwezi ujao ndiyo tungemwingiza kwa wakwe zake, aruhusiwe kula mbele yao. Kuku tumekwisha kuwatenga. Mpwa wangu kafa hajawahi kumeza hata tonge la nshima mbele ya baba mkwe wake."

"Maskini, kafa na hamu ya kuku," alisema Esnati, na wakamrushia maji.

"Tena huyo mkewe!" Dada wa marehemu alipaza sauti kutoka mlangoni. "Siku tatu jicho kavu. Mjane gani huyo?"

"Ngoja nikamlize mimi," alisema Esnati.

Chumbani wanawake walikuwa wamekaa sakafuni bega kwa bega. Mjane, Mubanga, aliketi kauelekea ukuta. Ilikuwa Oktoba, joto la kuumua unga, na yeye kavaa sweta ya mikono mirefu iliyofika mpaka kwenye vidole. Esnati alijipenyeza akakaa karibu yake.

"Sweta mwezi wa kumi? Unaogopa marehemu atarudi na baridi?" Akamshika mkono amvute wacheze, kama watani wafanyavyo. Sweta ikapanda mpaka kwenye kiwiko.

Mkono ulikuwa na makovu ya moto. Si ya kumwagikiwa na mafuta wala ya kugusa sufuria. Yalikuwa ya mviringo, tisa, yote saizi moja, yenye ngozi nzima katikati kama pete. Manane yalikuwa meusi ya zamani. La tisa lilikuwa bado jekundu. Esnati aliweka kidole gumba chake katikati ya lile jekundu, kikaenea barabara. Mubanga hakuuvuta mkono.

"Nini hiki?" Esnati alinong'ona.

"Jiko la mbaula, mukwai. Niliangukia makaa."

"Mara tisa?"

Mubanga alirudi kuutazama ukuta. "Hana tena mkono wa kunishika. Niacheni nikae."

"Baba yako anajua?"

"Baba hajui kitu." Hilo alilijibu haraka kuliko yote. "Baba hata haingii nyumba hii."

Esnati alimteremshia sweta mwenyewe, akasimama, akaanza kuwatukana wanawake wote chumbani, mmoja mmoja, matako yao na mapishi yao, mpaka hakuna aliyekumbuka kuutazama mkono wa mjane.

Saa sita alikuwa kiwandani. Munsaka, dereva wa winchi, Mtonga mwenye shingo ndefu, alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda cha mapumziko.

"Nilishamwambia Mrakibu yote."

"Mrakibu kaandika mistari mitatu. Mimi karatasi ninazo tele. Jumanne ulikuwa wapi?"

"Juu, kwenye winchi. Saa moja na nusu. Nilimwona Nsofwa anakwenda dirisha la stoo kuchukua kidole. Akainama akafunga kamba za buti, akainuka na kidole chake, akakivisha kwenye fimbo, akaenda. Kisha mwanga. Basi."

"Na Chomba?"

"Alikuwa anamwagia sakafu vumbi lisiruke. Kazi yake ya kila asubuhi. Upande wa pili kabisa, hatua hamsini kutoka stoo. Huyo mnamwonea."

"Alikigusa kidole cha Nsofwa?"

"Thubutu! Kidole cha mtu kinaingia mdomoni mwake. Utakigusaje cha mwenzio? Hiyo ni vita."

"Rudia hapo pa buti."

"Pa buti? Alichuchumaa mbele ya dirisha, hivi, akafunga kamba. Nilimwona mgongo tu."

Esnati alitoa lile buti kwenye mfuko wa nailoni, aliokuwa ameuchukua msibani kama urithi wake, akaliweka mezani, karibu na kikombe cha chai. "Nionyeshe kamba."

Munsaka alilitazama buti. Akainama akayatazama ya kwake. "Mama yangu," alisema. "Siku tatu nimekuwa nikilisema hilo, na mimi mwenyewe nimevaa mabuti haya haya."

"Uliona mgongo. Mikono ilikuwa wapi?"

"Mbele. Viwiko vilikuwa vinacheza. Ndiyo maana nikasema anakaza kamba."

Esnati alichuchumaa sakafuni, akakunja viganja kama vibakuli, akapiga makofi ya polepole, yasiyo na kelele. "Vilicheza hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Mwanamume wa Kibemba anamchuchumalia nani na kumpigia makofi?"

"Chifu," alisema Munsaka. "Au..." Akainua kikombe, akakuta hakina kitu, akakishika hivyo hivyo.

Stoo ya vidole ilikuwa na dirisha dogo la kugawia, rafu za mbao na joko la kukaushia lililovuma taratibu pembeni. Mama Jesi, mgawaji, mwanamke wa miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpokea bila furaha. Esnati alimtaka amweleze kazi ya kauri kama anamweleza mjinga.

"Ndani ya kidole mna waya mwembamba unaosoma joto," alisema Mama Jesi. "Waya ule ukiuchovya uchi, shaba inaula kufumba na kufumbua. Nyuzi elfu moja mia mbili na zaidi zile! Kauri tu ndiyo inavumilia. Lakini kauri ni udongo, mama, inakunywa maji kama mtungi. Ukiichovya imelowa, maji yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, shaba inakurudia usoni. Kwa hiyo tunavikausha siku mbili, tunavipaka chokaa shaba isigandie, halafu mpimaji mwenyewe analamba. Ulimi ndio mkaguzi wa mwisho."

"Kilicholowa hakionekani kwa macho?"

"Kinakuwa na weusi. Utakijua tu."

"Na kikipakwa chokaa juu ya weusi?"

Esnati alichukua kidole kimoja kutoka jokoni, chenye urefu wa mkono hadi kiwiko, kilicho wazi upande mmoja. Chokaa yake ilimwachia unga mkononi. Aliupuliza ukapeperuka wote. Kisha akamkabidhi glavu ya marehemu.

Mama Jesi alikwangua lile gamba kwa ukucha. Akakwangua tena. Akakaa juu ya kreti. "Hii ilishika kitu kibichi," alisema. "Yesu wangu. Hiki hakikupita jokoni."

"Nani alimpa?"

"Mimi ndiye ninayegawa. Mzee Ng'andu anapokea mzigo na kukausha, mimi nagawa. Hasa kwa Nsofwa! Tangu amwoe Mubanga, Mzee akimwona anakuja anajificha nyuma ya rafu. Wakwe, unajua, tena hajaingizwa. Tulikuwa tunamcheka, mkwe anakuja, panya shimoni."

"Na Jumanne?"

"Jumanne Mzee alinituma ofisi kuu nikachukue sabuni. Saa moja na robo. Nikamwambia, Baba Mubanga, sabuni tunayo. Akasema, nenda tu."

Esnati alitia kidole gumba chake katika mdomo wa kile kidole cha kauri. Kikaenea barabara. Alikitoa, akakisimamisha kwenye ndoo ya maji, akaketi kukingoja kinywe. Baadaye alikifuta na kukipaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe, akachukua na kingine kikavu kutoka jokoni.

"Mzee yuko wapi sasa?"

"Hospitali. Kila siku anampelekea Chomba uji." Mama Jesi alivua miwani. "Ana huruma yule mzee."

Saa tisa na dakika kumi, wodi ya wanaume. Konstebo alikuwa amesinzia mlangoni, Esnati akampiga teke la kiatu. Chomba aliketi ameegemea mto, uso umefungwa bandeji kuanzia juu ya pua, mkono wa kushoto umening'inia kwenye pingu. Karibu yake, juu ya stuli, mzee mwembamba aliyevaa koti la Jumapili alikuwa anamlisha uji wa karanga kwa kijiko. Alikuwa anaupuliza kila kijiko kabla ya kumpa.

"Nasikia harufu ya panya wa kuchoma," alisema Chomba.

"Pua yako bado nzima, mtani. Unaendeleaje?"

"Naendelea gizani. Asingekuwa Mzee Ng'andu ningekuwa nimekufa njaa. Wenzangu wa zamu wote wananiogopa. Huyu aliyefiwa na mkwe ndiye anayenilisha. Kuna watu na viatu, Inspekta."

"Ni kweli," alisema Esnati. "Nipe mkono huo mzima. Lamba hiki."

Chomba alipapasa kauri, akaigusa kwa ncha ya ulimi. "Kikavu. Kinang'ata vizuri."

"Na hiki?"

Alikipima uzito kwanza, akakunja mdomo. Akalamba. Akatema chokaa kwenye shuka. "Kimelowa hiki! Nani kakupa? Hiki ni kifo, mama, kitupe."

"Nsofwa angekilamba angejua?"

"Hata mtoto angejua."

"Basi kwa nini hakulamba?"

"Siku tatu najiuliza hilo hilo. Sina kazi nyingine humu."

"Mzee Ng'andu, wewe umepata jibu?"

Mzee alikwangua ukingo wa bakuli kwa kijiko. "Alikuwa na haraka, mwanangu. Vijana wa siku hizi."

"Haraka! Lakini alipata nafasi ya kuchuchumaa mbele ya dirisha lako na kumpigia mkwe makofi."

Kijiko kilisimama.

"Mama Jesi ulimtuma sabuni isiyohitajika," alisema Esnati. "Ukampa kidole wewe, kwa mikono yako, ukasimama pale pale unamtazama mpaka akakivisha kwenye fimbo. Mkwe asiyeingizwa hatoi ulimi mbele ya baba mkwe. Hata kula hali. Nsofwa angekubali kufa kuliko kukuonyesha ulimi, na wewe ulilijua hilo kuliko mtu yeyote."

Chomba aligeuza bandeji zake upande wa mzee. "Baba Mubanga?"

Ng'andu aliweka bakuli magotini. Hakuonekana kushtuka. Alionekana mtu aliyechoka kungoja. "Nilikilowesha Jumatatu jioni," alisema. "Kwenye ndoo ya kuoshea vikombe."

"Kwa nini?"

"Umeiona mikono yake?"

"Nimeiona."

"Basi usiniulize." Kisha akasema mwenyewe. "Jumapili kanisani mwanangu alinyanyua kitabu cha nyimbo, sweta ikateleza. Miaka ishirini na miwili mimi navipokea vile vidole, navipima kimoja kimoja. Mviringo ule naujua kuliko uso wangu. Nsofwa alikuwa anabeba vipande vilivyovunjika, anavipasha moto kwenye mbaula, anamgonga navyo mwanangu muhuri kama gunia. Tisa! Mimi ndiye niliyekuwa navitoa stoo. Mimi!"

"Ungekuja polisi."

"Mubanga alikuja mwenyewe, kaniambia Jumapili ile. Mwezi wa sita. Mkamwambia akapike vizuri, mume asipandwe na hasira." Mzee alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Esnati alikuwa anaandika, na hilo la mwezi wa sita aliliandika pia. "Huyu naye anaye mzazi," alisema bila kuinua kichwa. "Mama yake yuko Luwingu, hajui hata kwamba mwanawe haoni. Huyu alimchoma nani?"

"Mpimaji huchovya peke yake. Chomba hakutakiwa kuwa pale."

"Fimbo ilikuwa inamlemea," alisema Chomba. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani mkono wake bado unauma, ule niliomtegua tulipopigana. Tulikuwa tumepatana asubuhi ile. Nikatupa mpira wa maji nikakimbia kumshikia."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa.

"Na pingu hii," Esnati aliugonga ule mnyororo kwa kalamu, "umeitazama tangu Jumatano ukikoroga uji."

"Nilingoja msiba uanuliwe. Nimkabidhi Mubanga kwa dada yangu, kisha nije kwa miguu yangu."

"Saa kumi leo anasomewa shtaka la kunyongwa. Miguu yako ingechelewa, mzee."

Ng'andu alikubali kwa kichwa. "Nitatia sahihi chochote. Neno moja tu nakuomba, mtani wangu. Mikono ya mwanangu isifunuliwe mahakamani. Andika tuligombana, andika wivu, andika ulevi. Bado ni kijana, ataolewa tena."

"Bila mikono ile wewe ni muuaji tu. Watakunyonga."

"Waninyonge."

"Nitaandika yote," alisema Esnati. "Makovu tisa, na saizi yake, na jina la askari aliyemfukuza. Hukuniuliza ulipokilowesha, na mimi sikuulizi sasa. Konstebo! Ufunguo."

Pingu ilifunguka kutoka mkono wa Chomba, ikafungwa kwenye mikono miwili ya mzee. Chomba aliusugua mkono wake uliokuwa na alama nyekundu, akaukunja na kuukunjua. Konstebo alimshika Ng'andu bega ili amwinue.

"Ngoja," alisema Chomba. "Uji umebaki?"

Esnati alichungulia bakuli. "Nusu."

"Amalizie kunilisha. Mimi sijashiba."

Konstebo alimtazama Inspekta. Esnati aliitazama saa ya ukutani, saa kumi kasoro dakika ishirini, akavuta stuli nyingine akakaa. Basi mzee alilichukua bakuli kwa mikono iliyofungwa, akachota. Mnyororo uligonga bati. Alisahau kupuliza.

"Wa moto," alisema Chomba.

Ng'andu alipuliza. Machozi yalikuwa yanadondokea koti lake la Jumapili, lakini alipuliza, akalisha, akachota tena. Kila kijiko Chomba alifungua mdomo, akangoja, akameza taratibu. Hakumtukana. Wodi nzima ilikuwa inatazama. Kijiko cha mwisho kilipokwangua bati, Chomba alijifuta mdomo kwa mkono wake huru.

"Haya, mpeleke."

Walipofika mlangoni aliita tena. "Inspekta! Kesho nani ataniletea?"

"Nitatuma mtu."

"Mtume Mubanga," alisema Chomba. "Na mwambie asije na sweta kwenye joto hili. Mimi sioni."